Aliniambia "Nendeni" Nikiwa Peke Yangu

Neno la mwisho la mume wangu lilikuwa na kosa la sarufi, na mimi, mkewe, nilimsahihisha akiwa kitandani anakufa.

Najua mnavyonitazama. Subirini nimalize.

Ninachapa haya mwenyewe, kwa kidole kimoja, miwani ikining'inia puani. Nimefundisha sarufi katika chuo cha ualimu mpaka nywele zangu zikawa nyeupe. Kwa hiyo atakayeniandikia hapo chini "xaxa" badala ya "sasa", nitamjibu, na hatafurahi.

Haya, nisikilizeni.

Mume wangu alikuwa mkurugenzi wa michezo wa chuo hicho hicho, na kocha wa wakimbiaji. Cheo kilikuwa kikubwa kuliko ofisi. Ofisi yenyewe ilikuwa stoo: mipira iliyoishiwa upepo, wavu wenye matobo, magunia ya chokaa, jezi zilizokakamaa kwa jasho.

Mkurugenzi ndiye aliyezifua hizo jezi. Ndiye aliyechora mistari ya uwanja kwa chokaa, akitembea kinyumenyume na kamba mkononi. Mvua ikiifuta, anachora tena.

Bastola ya kuanzishia mbio chuo hakikuwa nayo. Kilikuwa na sauti yake.

"Kwenye mstari."

"Tayari."

"Nenda."

Wanafunzi wakambandika jina: Mzee Nenda. Aliitwa mzee akiwa bado hana hata mvi moja.

Mimi nilikuwa mgeni chuoni siku nilipoisikia sauti hiyo ikiingia dirishani katikati ya kipindi changu. Nilikuwa ninafundisha, msinicheke, hali ya kuamrisha. Ubaoni nimeandika: umoja, nenda, wingi, nendeni.

Na nje, mtu mzima na akili zake anawaambia wasichana sita "nenda".

Darasa zima likageuka kunitazama nitafanya nini.

Wakati wa mapumziko nilimfuata chumba cha walimu.

"Mwalimu," nikamwambia, "wale walikuwa sita. 'Nenda' ni amri ya mtu mmoja."

Akaniangalia kutoka juu hadi chini. Viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa chokaa.

"Wewe ndiye wa sarufi?"

"Ndimi."

"Umewahi kusimama mstarini?"

"Sijawahi."

"Basi nikwambie. Pale mstarini hakuna wengi. Kila mmoja yuko peke yake na roho yake, na mimi namwambia mmoja mmoja. Siku nitakayoona wawili wanakwenda pamoja, nitasema nendeni."

"Hilo ni jibu la mtu aliyeishiwa hoja."

"Kweli," akasema. "Lakini chai ninayo. Nikumiminie?"

Mwaka uliofuata alinisimamisha langoni mwa chuo, kofia mkononi, akasema, "Twende nyumbani."

Nafsi ya kwanza, wingi. Sikupata pa kumkosoa.

Tulipata mtoto mmoja, wa kike. Alikulia uwanjani, kati ya amri mbili. Aliposhindana na watoto wa jirani uani, baba yake akianzisha mbio husema "nenda", mimi nikianzisha husema "nendeni".

"Mimi nikisikia 'ne' tu natoka," mtoto alikuwa akisema. "Hayo mengine mtagombania wenyewe."

Tulicheka. Baba yake alicheka hadi akapaliwa.

Laiti tungalijua tunacheka nini.

Miaka ikaenda. Wakuu wa chuo walikuja na kuondoka, yeye akabaki na chokaa yake. Wazazi waliowakataza binti zao kukimbia, aliwafuata nyumbani kwao. Mzee mmoja alimwuliza kwa ukali, "Binti yangu avae kaptura mbele za watu?"

"Mzee wangu," akamjibu, "akikimbia na gauni refu ataanguka, na hapo watu wataona zaidi."

Yule mzee alijizuia kucheka, akashindwa. Binti akaruhusiwa.

Huyo binti alikuwa mwembamba mno, wakamwita Kijiti, kama kile wanachopokezana wakimbiaji. Aliingia chuoni mwaka mmoja na binti yangu. Wakawa chanda na pete. Ukimtafuta huyu, unamkuta kwa yule.

Kisha ukaja mwaka ambao chuo kimoja cha ng'ambo kilitoa ufadhili wa masomo kwa mkimbiaji wa kike. Mmoja tu. Zingekimbiwa mbio za kuchuja, mzunguko mmoja wa uwanja, na atakayeshinda ndiye atakayekwenda.

Kila mtu alijua atakuwa nani. Hata Kijiti alijua.

"Shoga, mimi nakusindikiza tu," alimwambia binti yangu asubuhi ile, wakifunga kamba za viatu. "Ukifika huko usijifanye hunijui."

Binti yangu alipangiwa njia ya tatu. Kijiti njia ya nne, ubavuni pake.

Nilikaa jukwaani na walimu wenzangu. Mume wangu alisimama pembeni ya mstari, kifua mbele.

"Kwenye mstari."

"Tayari."

"Ne..."

Binti yangu alikwisha kuondoka.

Kipenga kikalia. Desturi ya uwanja ule ilijulikana: kosa la kwanza mtu huonywa, la pili hutolewa. Watoto wa watu aliwaonya miaka yote, wengine kwa utani kabisa.

Binti yangu akarudi mstarini akitabasamu kwa aibu. Akainama tena, akingoja onyo lake.

Baba yake akanyoosha mkono, akaelekeza nje ya uwanja.

"Umetoka kabla ya neno."

"Baba, neno lilikuwa limeanza."

"Neno huanza linapokwisha."

Kisha mwanafunzi mmoja nyuma yangu akasema, "Duh, Mzee Nenda noma. Hata mwanawe." Wengine wakapiga makofi.

Mbio zikaanzishwa upya, njia ya tatu ikiwa tupu. Kijiti akashinda. Alivuka mstari wa mwisho analia.

Jioni, mezani kwetu, chakula kilipoa.

"Angekuwa mtoto wa mwenzako, ungemwonya," binti yangu akasema.

Mume wangu alikuwa anachokoa chokaa iliyoingia ukuchani.

"Ningemwonya."

"Na mimi?"

"Wewe ni wangu. Wangesema nimekupendelea."

"Kwa hiyo kosa langu ni kuwa wako."

"Mjibu mtoto," nikamwambia mume wangu.

Alifungua mdomo. Niliuona ukifunguka. Kisha akaufunga, akaendelea na ukucha.

Muhula ulipokwisha, binti yangu alifunga virago. Akasomea ufamasia katika mji wa mbali, akapata kazi huko, akapata na mchumba huko huko. Harusi ilipokaribia alinipigia simu.

"Mama, njoo."

Hakusema "njooni". Sarufi hiyo nilimfundisha mwenyewe, na alijua nitaielewa.

Nilikwenda peke yangu. Mume wangu alinisindikiza hadi kituo cha basi, akanibebea sanduku, akaninunulia maji. Basi lilipoondoka alikuwa bado amesimama pale pale, kofia ameishika kwa mikono miwili.

Baada ya hapo ikawa ni simu tu, na kila simu ilianza kwa swali lile lile.

"Yuko hapo?"

Nikisema yupo, alikuwa anasema, "Basi nitapiga baadaye." Na hiyo baadaye ilichukua wiki.

Mume wangu hakuniuliza lolote. Lakini nikaanza kuona jambo. Simu ikilia na akiona jina nililomwandikia binti yetu, anasimama, anachukua kofia kwenye msumari, anatoka. Jua liwake, mvua inyeshe, anatoka. Anazunguka nyuma ya nyumba hadi nitakapofungua dirisha.

Kwa hiyo binti yangu alipouliza, "Yuko hapo?" nilijibu, "Ametoka." Na ilikuwa kweli.

"Mweleze mtoto kwamba unatoka kwa ajili yake," nilimwambia siku moja.

"Usimwambie," akasema. "Ataacha kupiga."

Siku ya kustaafu kwake chuo kilimwandalia sherehe ukumbini. Wanafunzi wake wa zamani walikuja, wengine na vitambi, wengine na wajukuu. Kijiti alikuwepo. Alikuwa amerudi kutoka ng'ambo miaka mingi nyuma, akafundisha chini yake, na sasa ndiye aliyekuwa anarithi ile stoo.

Mkuu wa chuo akasimama kuhutubia.

"Mnataka kujua huyu ni mtu wa namna gani?" akasema. "Huyu ni mtu aliyemtoa mbioni mtoto wake wa kumzaa, kwa kosa la kwanza, ili haki ionekane."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Watu wakasimama.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anapapasa chini ya kiti, anatafuta kofia.

Hakungoja zawadi. Nilipomkuta nje alikuwa anauangalia uwanja.

"Wanapiga makofi," akasema. "Miaka yote hii, bado wanapiga makofi."

Haukupita mwaka, kiharusi kikampiga. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yake yote.

Yote isipokuwa moja.

"Umeshiba?"

"Tayari."

"Nikugeuze?"

"Tayari."

Jirani yetu alikuja kumjulia hali, akamwinamia, "Mzee, unanikumbuka lakini?"

"Tayari."

Jirani akaondoka amefurahi.

Mtaalamu wa matamshi pale hospitalini alinieleza kwamba maneno ambayo mtu ameyarudiarudia maisha yake yote hukaa chini kabisa, na huweza kubaki hata mengine yakiondoka. Lingine linaweza kurudi, akasema, au lisirudi. Nisimlazimishe.

Sikumlazimisha. Lakini mimi nilikuwa mke wa kocha, nilijua maana ya neno lile. Mkimbiaji akishaambiwa "tayari", kiuno kiko juu, vidole viko chini, pumzi ameibana. Si hali ya kukaa. Ni hali ya kungoja neno linalofuata.

Mume wangu alikaa katika "tayari" kwa miezi.

Binti yangu nilimpigia siku ile ile ya kiharusi. Aliniuliza majina ya dawa, akanisahihisha vipimo, akaniambia ipi isichanganywe na ipi. Kila baada ya siku chache aliuliza presha. Alikuwa mfamasia hodari. Lakini hakusema anakuja.

Na bado swali lilikuwa lile lile.

"Yuko hapo?"

"Yupo," nikamwambia. "Sasa hawezi tena kutoka."

"Kutoka kwenda wapi?"

"Nje. Kila ulipopiga alikuwa akitoka nje, ili uzungumze. Mvua au jua."

Nilisikia pumzi yake. Kisha simu ikakatika.

Nilidhani atapiga tena. Hakupiga.

Daktari akaja nyumbani, akampima, akaniita sebuleni. Aliongea kwa sauti ya chini, sauti ambayo watu hutumia wanapokwambia uwaite wa karibu.

Wa karibu wetu alikuwa mmoja.

Alasiri ile Kijiti alipita kumwona mwalimu wake. Alikuwa ametoka uwanjani, viatu vyeupe kama vya mtangulizi wake.

"Mama, shikamoo. Mzee yuko poa?"

"Marahaba. Poa ni chai iliyosahauliwa, mwanangu. Mtu huwa hajambo au hali yake si nzuri. Hali yake si nzuri."

Akakaa kando ya kitanda, akaushika ule mkono usiofanya kazi.

"Mwalimu," akamwambia, "nimekuja na kesi. Ile njia ya tatu."

Macho ya mume wangu yakamgeukia.

Niwaeleze. Pale uwanjani, kwa miaka mingi njia ya tatu ilikuwa haitumiki. Mume wangu alisema inatuama maji. Ikiwa ni mbio za watu watano, wanakaa moja, mbili, nne, tano, sita. Wakiwa sita, wanakimbia kwa makundi mawili. Hata mimi niliamini. Wanafunzi wakatania kwamba huko chini kuna chemchemi.

"Nilitaka kuweka mfereji," Kijiti akaendelea. "Nikaita mafundi, tukachimba. Mama, pale hakuna maji. Ni pakavu. Ni pakavu kuliko njia zote."

Akakisogeza kiti karibu zaidi na kitanda.

"Nikakaa chini pale pale kwenye udongo," akasema. "Nikaanza kukumbuka. Sisi tulikimbia pale mwaka wetu wote, hapakuwa na tope. Njia ya tatu ilianza kutuama maji baada ya mbio zile."

Nikamtazama mume wangu. Chozi lilikuwa linateremka upande wa uso ambao daktari alisema hauna hisia.

"Tayari," akasema.

Kijiti akasimama.

"Mama, nipe namba ya shoga yangu."

"Hatapokea. Hata simu zangu mimi hapokei."

"Nipe tu."

Nikampa. Akatoka nayo nje, na sikumfuata.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nimeketi kitandani, namkata mume wangu kucha. Mlango wa chumba ulikuwa mgongoni mwangu, wazi, kwa ajili ya hewa. Nilikuwa nimefika kidole gumba.

Ghafla mkono wake mzima ukanibana.

Nikainua macho. Hakuwa ananitazama mimi. Alitazama juu ya bega langu. Mdomo ulikuwa unahangaika kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.

"Ne..." akasema.

Nikaacha kupumua.

"Nende... ni."

Miezi yote ile neno moja, na sasa la pili. Nililia na kucheka kwa pamoja. Na Mungu anisamehe, ualimu ni ugonjwa. Maisha yake yote alisema "nenda" kwa umati. Leo tuko wawili tu, mimi na yeye, anasema "nendeni".

"Mume wangu," nikamwambia, nikimfuta mdomo, "niko peke yangu hapa. Sema 'nenda'."

Akatikisa kichwa. Kidogo sana, lakini alitikisa. Akalirudia, akaisukuma ile silabi ya mwisho kwa nguvu zake zote.

"Nendeni."

"Sijaingia mpaka neno limekwisha, Baba," sauti ikasema nyuma yangu.

Nikageuka.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, vidole vya mguu wa mbele vikigusa kizingiti bila kukivuka. Nywele zake nazo zimeanza mvi. Mkoba bado begani.

Hapo ndipo nilipokumbuka chumba cha walimu, na viatu vyeupe, na chai. Siku nitakayoona wawili wanakwenda pamoja.

Mume wangu alikuwa sahihi. Tulikuwa wawili. Mara ya kwanza katika maisha yake ameitumia sarufi yangu bila kosa, na mimi nikamkosoa.

Binti yangu akavuka kizingiti, akapiga magoti, akauweka uso wake kwenye kile kiganja kilichokuwa hakifanyi kazi.

"Nimelisikia lote," akamwambia. "Mpaka mwisho."

Nusu ya uso wa mume wangu ikatabasamu. Nusu hiyo ilinitosha.

Hakusema neno jingine. Siku ile nzima binti yake alikaa naye, akampa dawa kwa mkono wake, akamsimulia mambo ya watoto wake, kila mmoja na tabia zake. Kesho yake mchana, jua likiwa dirishani, mume wangu alivuta pumzi, akaiachia, na hakuvuta nyingine.

Baada ya mazishi nilimwuliza binti yangu aliambiwa nini na Kijiti siku ile kwenye simu.

"Aliniambia njia ya tatu ni kavu," akasema. "Basi. Nikakata simu nikaenda kutafuta basi."

"Ungekuja mapema," nikataka kusema. Sikusema. Alikuwa anajisemea mwenyewe, nilimwona.

Amebaki na kitu kimoja ambacho sina dawa yake, wala yeye mfamasia hana. Alipata siku moja na baba yake. Angeweza kupata nyingi. Na baba yake naye angeweza kuufungua mdomo ule jioni ile mezani, akasema neno moja, dogo kuliko hata "nenda".

Chuo kiliandaa mbio za kumkumbuka. Kijiti akaniomba nizianzishe mimi.

Wasichana walipanga mstari. Moja, mbili, nne, tano, sita. Katika njia ya tatu, chokaa bado mbichi, alisimama binti yangu.

"Magoti hayataki, Mama," akaninong'oneza. "Nitatembea tu."

"Tembea."

Nikasimama pale alipokuwa akisimama. Walimu walikuwa jukwaani, wanafunzi wangu wa zamani wengi tu, wanaojua kalamu yangu nyekundu. Walikuwa wananingoja.

"Kwenye mstari," nikasema.

"Tayari."

Nikawatazama. Sita, na kila mmoja peke yake na roho yake.

"Nenda."

Wasichana wakaruka kama mishale. Binti yangu akabaki kidogo. Akangoja sauti yangu iishe kabisa uwanjani, ndipo akaanza kutembea katika njia ya baba yake.

Sasa ninyi mliosoma mpaka hapa. Neno huanza linapokwisha. Ukimwambia ndugu yako nusu, hujamwambia. Ukitoka nje ili azungumze na usimwambie kwa nini umetoka, atajua umetoka tu. Njia ukimwachia tupu miaka yote, yeye ataona njia mbovu.

Kama kuna mtu unamngoja, na wewe uko katika "tayari", mdomo wako ungali mzima, sema. Lisipotoka vizuri, litoe hivyo hivyo. Likiwa na kosa la sarufi, mwache anayetaka akusahihishe, lakini limalize.

Na mtakaoniandikia kwamba sita huambiwa "nendeni", najua. Mimi ndiye niliyewafundisha.